Laptopu ndogo ya kugeuka kwenye delta ya Rufiji: ni kasi gani hasa unayoinunua?

"Hapa umekosea, binti yangu."

Mzee aliweka kidole juu ya skrini, kwenye kipande nilichokipaka kijani kibichi. Kwenye ramani yangu, kijani kibichi maana yake ni mikoko iliyosimama vizuri. "Hapa yalikuwa mashamba yetu ya mpunga. Tuliyaacha chumvi ilipozidi. Hicho unachokiona ni mikandaa midogo na majani. Bado hapajawa msitu."

Tulikuwa kijiji kimoja cha kaskazini mwa delta ya Rufiji, wilaya ya Kibiti, tumekaa kwenye mkeka chini ya mwembe. Wazee watano, kina mama watatu, mimi na laptopu yangu ya zamani. Kusahihisha kosa lile si kazi ngumu kwa maelezo: unachora mpaka wa shamba la zamani, unaiambia programu "hapa si msitu", unaiendesha upya, ramani inatoka mpya. Lakini kwa mashine ile, kuiendesha upya kulichukua zaidi ya saa sita, ikiwa haijaganda katikati. Maji yalikuwa yanajaa saa nane mchana na mashua isingenisubiri. Nikaandika kwenye daftari, nikasema asanteni, nikaondoka.

Niliporudi na ramani mpya ilikuwa imepita miezi minne. Wawili kati ya wazee wale hawakuwepo kijijini. Na ramani mpya, kumbe, ilikuwa na makosa mengine.

Makala hii inahusu kununua laptopu, lakini nimeanza na mwembe kwa makusudi. Watu wengi tunaponunua mashine mpya tunauliza "ina kasi gani?" bila kujiuliza kasi ya kufanya nini, na wapi. Mimi nilichagua laptopu ndogo ya kugeuka, ile ambayo skrini yake inazunguka nyuzi 360 hadi inakuwa kama kishikwambi. Kabla ya kufika hapo nilifanya hesabu kadhaa. Naziweka hapa ili nawe uzitumie, hata kama utafiti wako ni wa kuku wa kienyeji Singida au sarufi ya Kimatumbi.

Kwanza, kazi yenyewe ina uzito gani?

Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko ya aina yake Afrika Mashariki, kama hekta 53,000. Ni sehemu ya ardhioevu ya Rufiji-Mafia-Kilwa iliyoingizwa kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2004. Mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya msitu ya serikali. Kwa hiyo rangi kwenye ramani si mapambo. Kipande kikiitwa msitu, kikiitwa shamba, au kikiitwa msitu ulioharibiwa, kila jina lina maana kwa mtu anayelima, anayekata boriti au anayeishi pembeni yake. Ndiyo maana kidole cha mzee kilinikaa rohoni.

Ramani zangu natengeneza kwa picha za setelaiti za Sentinel-2, ambazo ni za bure. Ya kwanza ilirushwa mwaka 2015 na ya pili 2017. Kila pikseli kwenye mikanda yake mizuri ina upana wa mita 10. Tupige hesabu.

Picha moja kamili ina pikseli 10,980 kwa 10,980. Zidisha: zaidi kidogo ya pikseli milioni 120. Kila pikseli huhifadhiwa kwa baiti 2, kwa hiyo mkanda mmoja ni kama megabaiti 241. Mimi natumia mikanda 10, kwa sababu mchu na mkoko zinafanana sana kwa macho lakini zinatofautiana kidogo kwenye mwanga usioonekana. Mikanda 10, yote ikiwekwa kwenye pikseli za mita 10, ni kama gigabaiti 2.4. Programu inapoanza kukokotoa, mara nyingi inabadilisha kila namba iwe ya baiti 4 ili kupata desimali. Sasa tumefika GB 4.8, kwa picha moja tu.

Laptopu yangu ya zamani ilikuwa na RAM ya GB 4. Na Windows yenyewe inakaa humo humo.

Meza, duka na safari ya Dar

RAM ni meza ya kazi. Diski ni kabati. Prosesa ni fundi. Fundi hafanyi kazi kabatini. Kila kitu lazima kije mezani kwanza. Meza ikijaa, fundi anarudisha baadhi ya vitu kabatini ili apate nafasi, kisha anavifuata tena akivihitaji. Kompyuta inafanya vivyo hivyo, na hapo ndipo unapoona mshale unazungukazunguka na wewe unakwenda kunywa chai.

Tatizo ni umbali kati ya meza na kabati. Kuchukua kipande kidogo cha data kutoka RAM kunachukua kama nanosekunde 100. Kutoka diski ya SSD, kama mikrosekunde 100, yaani mara elfu moja zaidi. Kutoka diski ya zamani ya kuzunguka, kama milisekunde 10, yaani mara laki moja zaidi.

Namba hizo hazishikiki kichwani, kwa hiyo tuzikuze. Tuseme kuchukua kitu mezani ni sekunde moja. Kwa kipimo hicho, kukifuata kwenye SSD ni kama dakika 17: umekwenda dukani ukarudi. Kukifuata kwenye diski ya kuzunguka ni sekunde 100,000, karibu saa 28: umetoka deltani kwa mashua mpaka Nyamisati, ukapanda gari mpaka Dar, ukalala, ukarudi. Kwa kitu kimoja. Halafu unaambiwa umesahau kingine.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba prosesa yangu haikuwa na kosa kubwa. Ilikuwa inakaa bure, inasubiri mashua.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza hauhusu kununua laptopu. Kama mashine yako ina diski ya kuzunguka, weka SSD. Kama ina nafasi ya kuongeza RAM, ongeza. Kwa wengi wetu hilo linatosha, na linagharimu sehemu ndogo ya bei ya mashine mpya. Mimi niliweka SSD kwanza na kuwaka kwake kukabadilika kabisa. Lakini RAM ya mashine ile ilikuwa imechomelewa kwenye ubao mama. Ile GB 4 niliyozaliwa nayo ndiyo ningezikwa nayo.

Ushauri wa pili ni wa bure kabisa: punguza mzigo. Delta si picha nzima. Nikikata dirisha la kilomita 70 kwa 50 ninabaki na pikseli milioni 35. Kwa mikanda 10 ya baiti 4 ni GB 1.4, si 4.8. Sasa, pwani kuna mawingu mengi, na picha moja safi ni bahati nasibu, hivyo nahitaji picha nyingi za mwaka mmoja ili nichague pikseli zisizo na wingu. Picha 12 zilizokatwa ni karibu GB 17. Sehemu hiyo naifanyia kwenye Google Earth Engine, ambako watafiti wasiofanya biashara wanatumia kompyuta za mbali bila malipo, halafu napakua matokeo tu. Kazi nzito naimaliza Dar kwenye intaneti nzuri. Ninayoibeba kwenda Kibiti ni ile ya mwisho: kuchora maeneo ya mfano, kuiendesha programu, kuangalia, kusahihisha.

Baada ya hesabu hizo nilijua ninachohitaji: RAM ya GB 16, si chini. GB 8 ingetosha kwa dirisha moja, lakini ukifungua QGIS, kivinjari na jedwali la vipimo kwa pamoja, meza inajaa tena.

"Mama, hii ni i5"

Nikaenda Kariakoo na bajeti ya mwanafunzi. Kwa fedha ile, mashine mpya ya kugeuka yenye GB 16 ilikuwa ndoto, hivyo nikaelekea kwenye zilizotumika, zile zinazotoka maofisini Ulaya na kwingineko. Kila nikigusa moja naambiwa: "Mama, hii ni i5, inakimbia." Ni i5 kweli. Lakini i5 ni kama kusema "samaki". Kuna changu na kuna dagaa.

Angalia namba nzima. Chukua mifano mitatu ya Intel ambayo inapatikana sana kwenye laptopu nyembamba zilizotumika:

- i5-7Y54: viini viwili, imebuniwa kwa wati 4.5. Herufi Y maana yake ni ya mashine nyembamba sana, nyingi zisizo na feni.
- i5-7200U: viini viwili, wati 15.
- i5-8250U: viini vinne, wati 15.

Zote tatu zina stika ya i5. Kati ya ya pili na ya tatu kuna tofauti ya kizazi kimoja tu, lakini idadi ya mafundi imezidishwa mara mbili. Kwa kazi inayogawanyika, kama kuainisha pikseli milioni 35, mafundi wanne wanaleta tofauti unayoiona kwa saa ya ukutani. Kwa kuandika barua hutaiona kabisa.

Namba ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: 7 au 8. Mstari huu ni muhimu kwa sababu nyingine pia. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai, kwa upande wa Intel, kizazi cha 8 na kuendelea, ukiacha mashine chache sana. Kwa hiyo ile ya kizazi cha 7 inayouzwa rahisi ina sababu ya kuuzwa rahisi. Ukitumia Linux shida hiyo hupati, na QGIS inafanya kazi humo vizuri tu. Lakini jiulize kwanza kama programu nyingine unazozitegemea zipo huko.

Joto: kasi ya dukani na kasi ya deltani

Hapa ndipo wengi tunaumia, kwa sababu dukani kuna kiyoyozi.

Prosesa ikifanya kazi inatoa joto. Ikifika kikomo chake, mara nyingi karibu nyuzi 95 hadi 100 za Selsiasi, inajipunguza mwendo ili isiungue. Kiasi cha joto inachoweza kukitoa nje kinategemea tofauti kati ya joto lake na joto la hewa. Chukua kikomo cha 95. Kwenye chumba cha nyuzi 22, tofauti ni 73. Chini ya bati Kibiti, nyuzi 34, tofauti ni 61. Gawanya 61 kwa 73: asilimia 84 hivi. Mashine iliyokuwa inaweza kumudu wati 15 mfululizo dukani, kijijini itamudu kama wati 12.5. Hujaharibiwa wala hujatapeliwa. Ni fizikia tu.

Laptopu ndogo ya kugeuka inaumia zaidi kwa sababu ni nyembamba: feni ndogo, au hakuna feni kabisa. Ndiyo maana namba ya kasi ya juu iliyoandikwa kwenye tangazo isikudanganye. Hiyo ni kasi ya mwanariadha kwenye mita mia. Kuainisha ramani ni mbio ndefu.

Jaribio langu la dukani ni hili. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu inayoonyesha prosesa, kisha ipe mashine kazi nzito ya dakika 15. Mimi nilibeba kipande kidogo cha data kwenye flashi. Angalia gigahezi mwanzoni, halafu dakika ya 15. Zikianza 3.2 zikaishia 1.2, umejua unachonunua. Muuzaji mmoja aliniambia "dada, utaniunguzia mashine". Nikamwambia, kaka yangu, mashine inayoungua kwa dakika 15 hapa itaniacha wapi kule mtoni? Akacheka, akaniwekea kiti.

Kugeuka kwenyewe kunasaidia kidogo kwenye joto. Ukiikunja isimame kama hema, tumbo lake halilali kwenye mkeka, hewa inapita. Ukiilaza juu ya godoro, feni inavuta pamba badala ya hewa.

Wati za kuhesabu

Mto Rufiji huu huu, huko juu, ndiko liliko Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115. Huku chini, kijiji nilichofikia, umeme wa uhakika ulikuwa paneli ya jua kwenye paa la mwenyeji wangu. Kwa hiyo nilijifunza kuhesabu wati kama mtu anavyohesabu nauli.

Uwezo wa betri hupimwa kwa wati-saa. Betri ya wati-saa 50 kwenye laptopu inayotumia wati 7 (kuandika, kusoma) inakaa saa 7. Laptopu hiyo hiyo ikikokotoa kwa wati 25, inakaa saa 2. Mashine kubwa ya michezo yenye prosesa ya wati 45 na kadi ya picha itamaliza betri ya namna hiyo kabla ya mkutano kuisha. Ndiyo, ukiwa na soketi ukutani itaiacha ya kwangu mbali sana, tena mara nyingi kwa bei hiyo hiyo. Hilo tusilifiche: kwa shilingi ile ile, laptopu ya kugeuka si yenye kasi kuliko zote. Sehemu ya fedha yako imekwenda kwenye bawaba, kioo cha kugusa na kalamu.

Nilichokipenda ni kwamba nyingi za kisasa zinachajiwa kwa USB-C. Pawabanki ya milliampea-saa 20,000 ina kama wati-saa 74 (20 mara 3.7). Ukitoa zinazopotea njiani, unapata karibu 60, yaani chaji moja kamili na kidogo. Lakini si kila pawabanki inafaa. Tafuta iliyoandikwa PD na inayotoa wati 45 au zaidi. Ile ya simu ya wati 18, mashine ikiwa inakokotoa, inaweza kukuonyesha alama ya kuchaji huku asilimia zinashuka.

Kwa iliyotumika, usiulize "betri inakaa saa ngapi?" Utajibiwa "saa tano, dada". Fungua dirisha la amri la Windows, andika `powercfg /batteryreport`, kisha fungua faili itakayotajwa. Utaona uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake leo. Ikiwa ilikuwa 57 na sasa ni 31, punguza bei au ondoka.

Kugeuka: faida na uongo wake

Laptopu za namna hii zilianza kuvuma mwaka 2012, Lenovo ilipotoa Yoga yake ya kwanza. Matangazo mengi yanamwonyesha mtu kakaa kwenye kochi anachora ua. Sisi tuongee ya delta.

Ndani ya mikoko yenyewe, sahau. Unazama tope hadi magotini, mkono mmoja umeshika mzizi, mwingine futi ya kupimia kipenyo cha mti kwenye kimo cha kifua, mita 1.3. Huko natumia karatasi isiyolowa na penseli. Kioo cha kugusa kinategemea umeme kidogo wa kidole chako, na tone la maji ya chumvi linaweza kukifanya kione vidole vitatu au kisione hata kimoja. Bawaba nayo haipendi mchanga. Na juani skrini nyingi za laptopu ni hafifu. Ung'avu hupimwa kwa niti; 250 inatosha darasani, lakini chini ya mti mchana utataka 400 au zaidi, na kioo cha kugusa huwa kinameta kama kioo cha kujitazamia.

Faida ilikuja mahali pawili.

Kwanza, kwenye mashua. Kutoka kambini mpaka gatini ni saa kadhaa. Naigeuza, naishika kama daftari, naandika kwa kalamu maelezo ya kila eneo wakati bado nayakumbuka. Laptopu ya kawaida ilihitaji mapaja yaliyotulia, na mashua haina mapaja yaliyotulia.

Pili, na hii ndiyo kubwa, ni chini ya mwembe. Nikiisimamisha kama hema katikati ya mkeka, kibodi inabaki nyuma na ramani inabaki mbele ya watu. Nilipokuja na ile ya zamani, kibodi ilikuwa kama ukuta: mimi upande wa kujua, wao upande wa kuulizwa. Safari hii mama mmoja ambaye mara ya kwanza hakusema neno alinyoosha mkono, akaivuta ramani kwa vidole viwili kama anavyovuta picha za wajukuu kwenye simu, akasema: "Huu mkono wa mto siku hizi haupo hapa. Mafuriko yale yaliukata." Alikuwa anazungumzia mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozikumba Rufiji na Kibiti. Akachukua kalamu, akachora mkono mpya. Mstari wake nikauhifadhi kama ulivyo.

Dakika ishirini

Nilichonunua mwishoni: laptopu ya inchi 13 iliyotumika, kilo moja na robo hivi, prosesa ya viini vinne yenye feni, RAM GB 16, SSD ya GB 512, inachaji kwa USB-C. RAM yake imechomelewa, kama ilivyo kwa nyingi za namna hii, ndiyo maana sikukubali ya GB 8 hata nilipopunguziwa bei. Ukikosea hapo, hakuna fundi wa kukurudishia. Rahisi ni ghali.

Kwa usafiri naiweka kwenye mfuko usiopitisha maji pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Jioni naifuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu, maana hewa ya chumvi haina haraka lakini haisahau. Siichaji ikiwa imetoka juani. Naiacha ipoe kwanza, betri ya lithiamu haipendi kuchajiwa ikiwa ya moto. Na kila usiku kazi ya siku naihamishia kwenye flashi inayokaa kwenye mfuko mwingine, kwa sababu mashua ikipinduka haichagui.

Nilirudi kijiji kile kile. Shikamoo, marahaba, mkeka, mwembe. Mzee akaenda moja kwa moja kwenye kosa jingine: kipande nilichokiita mashamba, yeye anasema ni uwanda wa chumvi ambao haujawahi kulimwa na mtu yeyote. Nikachora mpaka, yeye akasimamia. Nikaiendesha programu. Tukanywa chai ya mchaichai. Ilichukua kama dakika 20.

Ramani mpya ikatokea wao wakiwa bado wamekaa. Wakaanza kubishana, si na mimi, bali wenyewe kwa wenyewe: shamba la fulani liliishia wapi, mlilana ulianza kuota upande gani, mwaka gani maji yalibadilika. Tukasahihisha tena. Na tena. Mara tatu kabla maji hayajajaa.

Ukipima kwa namba za matangazo, mashine yangu ni ya kawaida sana. Mwenzangu wa ofisini ana kubwa nyeusi inayomaliza kazi ile ile kwa dakika saba. Lakini ipo mezani Dar, imechomekwa ukutani, na mtu anayejua kwamba pale ni uwanda wa chumvi yupo Kibiti.

Kwa hiyo ukienda dukani, anza na swali moja kabla ya GB na gigahezi: ni nani anayesubiri jibu la mashine yako, na amekaa wapi? Kama ni wewe peke yako, na soketi ipo, usinunue ya kugeuka. Chukua nene yenye feni kubwa, au ongeza RAM kwenye uliyonayo, fedha inayobaki lipia nauli ya kwenda uwandani. Kama kuna watu kwenye mkeka na mashua inaondoka saa nane, hesabu RAM, hesabu viini, hesabu wati, kisha igeuze skrini iwatazame wao.

Mzee aliponiaga aliniuliza: "Sasa hiyo ramani tuliyoitengeneza leo, itafika huko ofisini kama ilivyo?" Kwa swali hilo hakuna RAM itakayonisaidia. Nimeandika majina yao kama wachangiaji wa ramani, kwa ridhaa yao, na nakala iliyochapishwa itarudi kijijini kabla sijaiwasilisha popote.